Tuulizane Wapi? Kuchagua Jukwaa la Majadiliano na Msaada katika Jumuiya ya Programu Huria

Wanafunzi wa Kiswahili wa siku hizi wanafanya kazi ambazo miaka ishirini iliyopita zilidhaniwa kuwa za wahandisi wa kompyuta peke yao. Wapo wanaotafsiri programu ya ofisi ya LibreOffice, wapo wanaosoma sentensi kwa sauti katika mradi wa Common Voice ulioanzishwa na Mozilla, na wapo wanaoandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003. Kazi hizi zote ni za programu huria au maudhui huria. Programu huria, kwa ufupi, ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Uhuru huo una gharama yake. Mara nyingi hakuna kampuni iliyokuuzia bidhaa, kwa hiyo hakuna dawati la huduma kwa wateja. Ukikwama, unawauliza wenzako.

Basi swali linakuja: wenzako wako wapi? Katika vikao vingi nilivyohudhuria, jibu hutolewa kabla swali halijaisha: "Tufungue kikundi cha WhatsApp." Namba zinakusanywa, kikundi kinafunguliwa, salamu zinaanza, na kila mtu anaridhika kwamba jumuiya imezaliwa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi wa lugha kwamba uamuzi huo unastahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu mahali tunapoulizana ndipo panapoamua ni maarifa gani yatabaki na ni yapi yatapotea. Sitazungumzia mitambo kwa undani; nitazungumzia maswali, majibu na kumbukumbu, mambo ambayo mwalimu yeyote anayajua.

Hebu tuanze na mfano wa karibu na nyumbani. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, wakishirikiana na shirika la Partners In Health la Boston, walianza kutengeneza programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyokuja kuitwa OpenMRS. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, katika Wilaya ya Kayonza hapa Rwanda. Baadaye ilienea katika vituo vingi vya afya nchini na katika nchi nyingine nyingi. Rwanda kwa hiyo si mgeni katika historia ya programu hii. Ni miongoni mwa wenyeji wake wa kwanza.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Mtunza takwimu yuko Rwinkwavu, saa tatu asubuhi, fomu ya wagonjwa haifunguki. Mtu aliyeandika msimbo wa fomu hiyo yuko Indianapolis, ambako ni saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira. Soga za papo kwa papo hazimsaidii mtu huyu, kwa kuwa wa kumjibu amelala. Anachohitaji ni mahali pa kuliweka swali lake likae, lisomwe na mwenzake atakapoamka, lijibiwe kwa utaratibu, na jibu lisubiri. Tena anahitaji kuona kama mtu wa Eldoret aliwahi kupatwa na tatizo lilelile, ili asingoje hata hiyo siku moja.

Jumuiya ya OpenMRS ilipitia karibu kila aina ya jukwaa. Ilikuwa na orodha za barua pepe, ambapo ujumbe mmoja huwafikia wote waliojiandikisha. Ilikuwa na chumba cha soga cha IRC kwa watunga programu waliotaka kuzungumza ana kwa ana. Ilikuwa pia na mahali pa maswali na majibu. Kila kimoja kilifanya kazi yake, lakini kwa pamoja viliigawa jumuiya: mtu aliyeuliza pa maswali na majibu hakujua kwamba jambo lilelile lilikuwa limekwisha kujadiliwa katika orodha ya barua pepe. Mwaka 2014 jumuiya ilihamishia mazungumzo yake katika jukwaa moja lililopewa jina la OpenMRS Talk, linaloendeshwa kwa programu ya Discourse, ambayo nayo ni programu huria. Soga hazikuuawa, jumuiya hutumia Slack kwa mazungumzo ya haraka. Hata hivyo, swali linalostahili kukumbukwa hupelekwa Talk, na leo mtu yeyote, bila kujiandikisha popote, anaweza kusoma mijadala ya miaka zaidi ya kumi iliyopita.

Nimeuchukua mfano huu kwa makusudi. Waliohusika ni watu wa hospitali na vyuo, wenye intaneti isiyo na uhakika, walio mbalimbali, na wengi wao wakitumia lugha ambayo si ya mama zao. Hali hiyo inafanana na ya walimu wa Kiswahili wa Rwanda kuliko tunavyodhani.

Aina za majukwaa na kazi zake

Programu huria ni za kale kuliko majukwaa tunayoyaona leo. Linus Torvalds alipotangaza Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo ambao baadaye uliitwa Linux, alitangaza katika Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliokuwepo kabla ya wavuti kuenea. IRC ilitungwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Orodha za barua pepe ndizo zilizobeba mradi wa Debian tangu ulipoanza mwaka 1993, na kumbukumbu zake bado zinasomeka hadharani. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini uamuzi fulani ulifanywa katika miaka ya 1990 anaweza kuwasoma wahusika wakibishana, kwa majina yao na tarehe. Sijui idara ngapi za lugha katika eneo letu zinaweza kusema hivyo kuhusu maamuzi yao ya istilahi.

Orodha ya barua pepe ina sifa moja ambayo vijana huidharau: inafanya kazi katika mtandao dhaifu. Barua huingia simu inapopata mawimbi, husomwa hata mtandao ukikatika, na jibu huondoka mawimbi yakirudi. Udhaifu wake ni kwamba mgeni hujiona ameingia katikati ya mazungumzo, na watu wasiozoea kunukuu vizuri huacha mikia mirefu ya barua za jana ndani ya barua za leo.

Soga ni kinyume chake. IRC, Slack, Discord, Telegram na WhatsApp zote ni za familia hii, ingawa kila moja ina tabia zake. Zinachangamsha. Mtu anajibiwa kwa dakika mbili, anafurahi, anarudi kesho. Jumuiya isiyo na mahali pa kupigia soga hupoa, kwa sababu watu hawaji kwa ajili ya hitilafu za programu tu. Huja pia kwa ajili ya watu. Lakini soga hutiririka kama maji ya mto. Jibu zuri la jana limekwisha kufunikwa na salamu za leo, pongezi za harusi na matangazo ya misiba. Anayeingia mwezi ujao hatalikuta, na mitambo ya kutafutia ya wavuti haiingii ndani ya vikundi vya WhatsApp kulichukua.

Kati ya hayo mawili lipo jukwaa lenyewe, kwa maana ya mahali penye mada, ambapo kila swali lina kichwa chake na majibu hupangwa chini yake. Wasomaji wa Kiswahili wanalifahamu umbo hili kupitia JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 nchini Tanzania kwa jina la Jambo Forums. Huko ndiko neno "uzi" lilikokolea kwa maana ya mfululizo wa majadiliano juu ya mada moja. (Wanafunzi wa istilahi waliangalie neno hili kwa makini. Halikuletwa na baraza lolote. Limeletwa na watu waliokuwa wakibishana usiku, nalo limepata wingi wake, "nyuzi", bila kamati.)

Discourse, iliyotolewa mwaka 2013 na Jeff Atwood na wenzake, ni ya aina hii, lakini imerekebisha mambo kadhaa. Ukianza kuandika kichwa cha swali jipya, inakuonyesha nyuzi zinazofanana na lako, na mara nyingi unagundua kwamba jibu lipo tayari. Muulizaji, mahali palipowezeshwa hivyo, anaweza kuweka alama kwenye jibu lililomsaidia, ili anayekuja baadaye asisome kurasa tatu za kubahatisha. Mwanachama mpya hupewa uwezo mdogo kwanza, kisha huongezewa kadiri anavyoshiriki, jambo linalopunguza kazi ya kufukuza wauza bidhaa za uongo. Na kwetu sisi lililo muhimu kuliko yote: ikiwekwa sawasawa, mtu anaweza kupokea nyuzi kwa barua pepe na kujibu kwa barua pepe bila kufungua tovuti kabisa. Programu hiyo ina tafsiri ya Kiswahili pia, japokuwa si kamili, na kukamilisha tafsiri hiyo ingekuwa kazi nzuri ya mradi kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Zipo pia tovuti za maswali na majibu, mashuhuri zaidi ikiwa Stack Overflow, iliyoanza mwaka 2008. Hapo mjadala haukaribishwi. Swali moja, majibu, kura, basi. Kuna Stack Overflow ya Kireno, ya Kihispania, ya Kirusi na ya Kijapani. Ya Kiswahili hakuna. Na kuna Zulip, programu huria ya soga ambayo humtaka kila mwenye kuandika autaje kwanza mada ya ujumbe wake, hivyo soga zinajipanga zenyewe kuwa nyuzi. Kwa kikundi cha watafiti wanaozungumza kila siku, mimi naiona kuwa bora kuliko Slack. Kwa walimu waliotawanyika wanaoingia mara moja kwa wiki, la.

Nyumba ni ya nani?

Jambo ambalo wengi husahau wanapochagua ni umiliki. Katika miaka ya 2000 vikundi vingi vya wanafunzi, wanataaluma na watafsiri wa eneo letu vilikuwa katika Yahoo Groups. Ilikuwa bure, ilikuwa rahisi, ilitumia barua pepe. Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba itafuta maudhui yote ya vikundi hivyo, na Desemba 2020 huduma nzima ikafungwa. Waliowahi kupakua kumbukumbu zao waliokoa kitu. Ambao msimamizi wao alikuwa amekwisha hama au amesahau nywila hawakuokoa chochote. Slack nayo, katika mpango wake usio na malipo, iliruhusu ujumbe 10,000 wa mwisho tu kuonekana. Kuanzia Septemba 2022 ikawa ni ujumbe wa siku 90 tu. Swali lililojibiwa vizuri Januari halionekani tena Mei. Kwa kampuni ya biashara inayolipa hilo si tatizo. Kwa jumuiya ya kujitolea ni sawa na kuandika ubaoni na kufuta kila muhula.

Hata nyumba isiyo ya kampuni kubwa inaweza kuingia mzozo. Mei 2021 wasimamizi wa Freenode, mtandao wa IRC uliotumiwa na miradi mingi ya programu huria, walijiuzulu kwa sababu ya ugomvi wa umiliki na kuanzisha Libera.Chat. Jumuiya za Ubuntu na Wikimedia zilikuwa miongoni mwa zilizohama. Zilihama kwa siku chache tu, kwa sababu hazikuwa zimeweka hazina yao ndani ya chumba cha soga. Kumbukumbu zao zilikuwa kwingine. Sheria nazo huathiri nyumba. Juni 2018 JamiiForums ililazimika kusimama kwa muda kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania zilizodai leseni. Hapa Rwanda, Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda data binafsi, na anayekusanya majina na anwani za wanachama ana wajibu wa kisheria juu yake, awe chuo au chama kidogo cha walimu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jukwaa linapendeza, ulizeni kama mnaweza kuondoka nalo. Je, mnaweza kupakua kila kitu kilichoandikwa, katika umbo linalosomeka mahali pengine? Je, anwani ya tovuti ni yenu, au ni ya kampuni? Mkiwa na jina lenu wenyewe la kikoa, hata mkibadilisha programu iliyo nyuma yake, mnaweza kupanga viungo vya zamani viendelee kufika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo mali.

Istilahi bila hoja

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi watu wa lugha kuliko watu wa kompyuta? Nitaeleza kwa mfano wa istilahi, maana hapo ndipo hasara inapoonekana wazi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisi ya OpenOffice.org. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wake wa kutoa programu zake kwa Kiswahili. Ghafla maneno mamia kwa mamia yalihitaji kuundwa au kuteuliwa: ya kufungua, kufunga, kuhifadhi, kupakia, kupakua. Nchini Kenya wengine walishika "tarakilishi", wengine wakabaki na "kompyuta". Kuna "kabrasha" na "folda", kuna "nywila" na "nenosiri". Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili hukutana na maneno haya yote katika wiki moja, kutegemea programu aliyofungua, naye huniuliza lipi ni sahihi na kwa nini.

Sehemu ya kwanza ya swali naweza kuijibu kwa kamusi. Ya pili ndiyo ngumu. Faili la tafsiri la kawaida huonyesha neno la asili na neno lililochaguliwa. Mabishano yaliyotangulia hayamo. Aliyependekeza "nywila" alikuwa na sababu zake za kifonolojia na za kimofolojia. Aliyelikataa alikuwa na zake pia. Hoja hizo zikisemwa katika ukumbi, hutoweka na ukumbi. Zikisemwa katika soga, hutoweka na simu. Kisha miaka mitano baadaye watafsiri wapya huketi na kubishana juu ya neno lilelile kuanzia mwanzo, na huenda wakateua lingine, na mtumiaji wa kawaida akachoka akarudi kwenye Kiingereza au Kifaransa. Huo si ugomvi wa wataalamu tu. Mtumiaji aliyeikimbia programu ya Kiswahili mara moja harudi kwa urahisi.

Linganisha na Wikipedia ya Kiswahili. Kila makala ina ukurasa pacha unaoitwa Majadiliano, na kila badiliko huhifadhiwa na tarehe yake. Wahariri wakitofautiana juu ya jina la nchi au la mmea, hubishana hapo, na anayekuja baadaye husoma. Ni umbo kavu, halina picha za kucheka wala sauti, na wageni huliona gumu kidogo. Lakini hoja iko kando ya neno inalolihusu. Vivyo hivyo Weblate, programu huria inayotumiwa sasa kutafsiria LibreOffice, ina nafasi ya maoni kwa kila sentensi inayotafsiriwa. Mtafsiri akiandika hapo kwa nini ameteua neno fulani, amemwachia kazi pungufu mwenzake ambaye hajawahi kumwona. Kwa maoni yangu mjadala wa neno moja uwekwe hapohapo; mjadala wa kanuni, kwa mfano kama tutohoe au tuunde, ndio upelekwe jukwaani.

Haya, swali la heshima

Kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni vya uendeshaji wa jumuiya hizi havilitaji sana, lakini mwalimu wa Afrika Mashariki analiona siku ya kwanza. Katika kikundi cha WhatsApp chenye Mkuu wa Idara, maprofesa wawili na wanafunzi sitini, wanafunzi hawaulizi. Wanaandika "Shikamoo mwalimu", wanaandika "Asante sana mwalimu", basi. Maswali halisi yanaulizwa katika kikundi kingine ambacho walimu hawamo, na majibu yake, mazuri kwa mabaya, yanazunguka huko.

Jukwaa la wazi lenye majina ya kujichagulia hupunguza uzito huo. Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa jina la kalamu kama "wikendi" inafuata ngeli gani, bila kuogopa kwamba swali litafuatana naye hadi chumba cha mtihani. Kwa wanafunzi wa kike lipo jambo jingine: kikundi cha simu huonyesha namba yake kwa kila mwanachama, naye huanza kupokea ujumbe ambao hauhusu programu wala sarufi. Jukwaa lililopangwa vizuri halionyeshi namba wala anwani. Hili peke yake lingetosha kunifanya nisikubali WhatsApp iwe mlango pekee wa kupata msaada.

Hata hivyo nisieleweke kwamba WhatsApp ifungwe. Wanafunzi wengi hununua vifurushi vya mitandao ya kijamii, na siku ambazo hawana kifurushi kingine ndiko wanakopatikana. Tukiwalazimisha kwenda tovuti, tutakuwa tumewafukuza wale wenye kipato kidogo. Njia inayofaa ni kuacha soga ziwe soga, kisha kumteua mtu wa kuhamisha. Kazi yake ni ndogo: akiona swali zuri limejibiwa vizuri katika kikundi, anaomba ruhusa ya waliohusika, anaandika swali na jibu jukwaani bila majina wala namba, anarudisha kiungo kwenye kikundi. Atakayeuliza tena swali lilelile hupewa kiungo, wala si maelezo upya. Baada ya muhula mmoja watu wenyewe huanza kutafuta jukwaani kabla ya kuuliza.

Kosa linaloua majukwaa mapya ni kufungua vyumba vingi mno. Msimamizi mwenye ari hutengeneza vitengo kumi na viwili siku ya kwanza: fonolojia, mofolojia, sintaksia, tafsiri, fasihi simulizi, na kadhalika. Mgeni akifungua anakuta vyumba vitupu kumi na kimoja, anaondoka. Vitatu vinatosha mpaka watu wenyewe walalamike kwamba wamebanana. Pia swali la kwanza la mgeni lisilale bila jibu. Hata "nimeona, nitauliza" ni jibu. Anayeuliza akanyamaziwa siku nne harudi, na huwaambia wenzake.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, idara zetu zimekuwa zikitoa walimu wanaokwenda kufundisha mbali na chuo. Mwalimu aliye Nyagatare au Nyamasheke, akiwa peke yake wa somo hilo shuleni, hana wa kumuuliza jirani. Yeye ndiye kipimo changu cha jukwaa. Je, miaka miwili baada ya jambo kujadiliwa, akiwa na simu ya bei ndogo, bila kumjua yeyote kati yetu, atalipata jibu?

Kwa kipimo hicho, pendekezo langu kwa idara ni jukwaa la Discourse kwenye seva ya chuo, kwa jina la kikoa la .rw lililosajiliwa kwa jina la idara na si la mwalimu mmoja, kwa kuwa walimu huhama. Seva ndogo yenye kumbukumbu ya GB 2 inatosha kwa kuanzia. Vitengo viwe vitatu: maswali ya sarufi na matumizi, istilahi za programu tunazotafsiri, na msaada wa kiufundi. Kusoma kuwe wazi kwa wote, na kuandika kuhitaji akaunti. Kujibu kwa barua pepe kuwezeshwe tangu siku ya kwanza. Nakala ya akiba ya maudhui yote ichukuliwe kila wiki na kuwekwa mahali tofauti na seva yenyewe, na watu wawili wawe na funguo za usimamizi, asiwe mmoja.

Kabla ya kulitangaza kwa shule, wanafunzi wa mwaka wa pili waandike humo maswali ishirini ambayo wamekuwa wakiulizana katika vikundi vyao, pamoja na majibu yaliyopitiwa na walimu, ili mgeni wa kwanza asikute nyumba tupu. Lililobaki kuamuliwa ni nani atakayeshika zamu ya kujibu katika likizo ndefu, wakati wanafunzi wamerudi makwao na chuo kimenyamaza.